Taji Lililokosa wa Kulitua

Aliyebeba mzigo na autue kwanza, akae, maana hadithi hii haisikilizwi kwa shingo iliyochoka.

Ilikuwako nchi moja. Jina lake silitaji, si kwa woga, bali kwa sababu lilikuwa likibadilishwa kila kiongozi wake anaporudi safari. Kwenye ramani haimo. Ramani yake ilifungiwa kabatini kama siri ya ulinzi, na wananchi walikuwa wakifika makwao kwa kubahatisha na kwa neema ya Mungu. Mimi nilijifunza kusoma nikiwa na wajukuu, katika darasa la jioni, kwa hiyo hata leo naamini kila kilichopigwa chapa. Haya ninayosimulia niliyasoma katika Gazeti la Serikali la nchi hiyo, na palipopakwa wino mweusi nikawauliza walioona kwa macho.

Kiongozi wa nchi ile aliitwa Mlezi Mkuu. Aliitwa hivyo kwa sababu aliilea nchi miaka mingi sana, na nchi kwa upande wake haikukua.

Siku moja Mlezi Mkuu alikuwa amempakata mjukuu wake, wanaangalia kitabu cha picha.

"Mbona simba huyu ana kitu kichwani?" aliuliza Mlezi Mkuu.

"Ni taji, Babu. Ndiye mfalme wa wanyama."

"Na huyu chura?"

"Mwana wa mfalme. Amerogwa tu."

Mlezi Mkuu alikifunga kitabu polepole. "Chura ana taji," alisema, "na mimi nina kofia."

Kuanzia hapo hakula vizuri. Alitazama kofia yake iliyotundikwa ukutani, akakumbuka kwamba hata madereva wa malori huvaa kofia. Katiba ya nchi ile ilisema wazi kwamba urais una mwisho. Kuhusu taji haikusema neno. Na katika nchi ile kimya cha Katiba kilihesabiwa kuwa kura ya ndiyo.

Ikaundwa Tume ya Taji. Mwenyekiti wake alikuwa Waziri wa Utukufu, Mheshimiwa Kilongola, mtu aliyeweza kupiga makofi huku ameshika chai. Alifungua kikao cha kwanza kwa hotuba.

"Ndugu wajumbe! Tangu jua lijue kuchomoza, kichwa na taji vimekuwa kama ugali na mboga. Jogoo ana kilemba chake chekundu, ndiyo maana anawika. Kuku hana, ndiyo maana anataga. Je, tunataka Mlezi wetu atage?"

"Hatutaki!" waliitikia wajumbe.

"Basi Profesa atueleze maana ya taji katika ngano, visasili na historia. Kwa kifupi, na kwa upande wetu."

Profesa Ndimangwa, mtaalamu wa mambo ya kale wa chuo kikuu, alisimama na miwani yake.

"Waheshimiwa, ziko nchi ambako taji lilikuwa jua. Mfalme alivaa miale kichwani ili watu wasiweze kumtazama machoni."

"Vizuri sana. Andika."

"Ziko nyingine ambako taji lilikuwa majani tu. Alipewa mshindi, nalo lilinyauka kabla hajafika kwake. Lilitengenezwa hivyo makusudi, ili asizoee."

"Hiyo iache."

"Na katika historia, mataji mengi yalivuliwa pamoja na vichwa."

"Hiyo iache kabisa. Njoo kwetu. Babu zetu walivaa taji gani?"

Profesa alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Babu zetu hawakuwa na taji, Mheshimiwa. Walikuwa na ngata."



"Ngata?" aliuliza Waziri wa Kilimo. "Hii hii ya majani ya mgomba? Wanayoweka wanawake utosini chini ya mtungi?"

"Hiyo hiyo. Nyimbo za mavuno za kila wilaya zinasema jambo moja. Aliyechaguliwa kutawala alipelekwa chemchemini, akawekwa ngata kichwani, juu yake mtungi uliojaa maji. Akatembea nao mpaka uwanjani, watu wakimtazama shingo na miguu. Hiyo ndiyo kutwikwa. Halafu siku aliyochoka alikuja uwanjani akasema 'Nitueni', watu wakamtua, wakampa maji ya kunywa, akaenda kulima. Kwa babu zetu, waheshimiwa, taji ni mahali pa kuwekea mzigo."

Kilongola alimtazama kwa upole. "Profesa, una watoto?"

"Ninao."

"Wanasoma?"

"Wanasoma."

"Mungu awatunze. Basi tuandike vizuri. Kutwikwa ni historia. Kutuliwa ni uchochezi."

Profesa, ambaye aliwapenda watoto wake, alifuta nusu ya pili ya utafiti wake. Ili kazi isiwe ya nusu nusu, neno lenyewe likaondolewa kwenye Kamusi ya Taifa. Tangazo likasomwa redioni kwamba kusema "nitue" au "nitueni" mahali pa watu wengi ni kosa, na kwamba mwananchi mwenye mzigo atumie maneno rasmi: "Naomba huduma ya kushusha." Maneno hayo yalikuwa mazuri sana, ila marefu, na mitungi mingi ilivunjika katikati ya sentensi.

Likabaki suala la kipimo. Taji haliwezi kutengenezwa bila kupima kichwa, na sheria ilikataza mkono wa mtu yeyote kuinuliwa juu ya kichwa cha Mlezi Mkuu. Hata kinyozi wake alikuwa akimnyoa kwa kumwelekeza. Tume ikaamua kwamba kofia ya Mlezi izungushwe nchi nzima, ipatikane nakala ya kichwa.

Kofia ikawekwa kwenye kiti cha nyuma cha gari jeusi, ikafungwa mkanda, ikatanguliwa na pikipiki. Shule zilifungwa ili watoto waipungie mikono. Ilijaribiwa kwanza kwa mawaziri, na kwa wote iliwafika mabegani. Gazeti la Serikali liliandika kwamba huo ni ushahidi wa ukubwa wa Mlezi. Halikuandika lolote kuhusu vichwa vya mawaziri. Ikajaribiwa kwa maaskari, kwa walimu, kwa wafungwa, mpaka ikafika soko kuu la mazao, na hapo ikamkaa mchukuzi mmoja aitwaye Sefania kama vile alizaliwa nayo.

Sefania alikuwa mtu mfupi, mpana, mwenye kipara cha mviringo utosini kilicholimwa na ngata yake. Alibeba magunia ya viazi kutoka kwenye malori. Wachukuzi wa soko lile walikuwa na mila yao moja. Gunia kubwa mtu hajitwiki wala hajitui peke yake. Hutwikwa na hutuliwa na watu wawili, mmoja kila upande. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "Nitue", unaacha unachofanya na unamtua, hata kama asubuhi mlipigana, hata kama alikuchukulia mchumba. Unampa maji kwanza, ndipo mnaendelea na ugomvi. Na mzigo uliotuliwa haurudishwi kichwani kwa mtu yule yule siku ile. Anayepita akijifanya hakusikia, ikifika zamu yake atazunguka na gunia mpaka jua lizame, na hakuna atakayemwona.

Serikali ilipokataza neno lile, wachukuzi walikohoa badala yake. Mila iliendelea.

Askari waliposema wamekuja kuchukua kichwa cha Sefania kwa matumizi ya taifa, mkewe alikuwa karibu anapanga nyanya. Tumsifu lilikuwa jina lake, na alikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza kanisani.

"Mnachukua kichwa tu?" aliuliza Tumsifu.

"Kichwa, mama. Kuanzia leo ni mali ya Serikali. Hakitabeba mzigo, hakitanyeshewa, hakitakunwa bila kibali."

"Na mikono yake ni ya nani?"

Mkubwa wa askari alipekua karatasi zake. "Mikono bado ni yake."

"Basi ije inisaidie hizi nyanya kwanza, halafu muende na hicho kichwa chenu."

Ikulu walimpa Sefania chumba chenye kitanda laini kilichomuuma mgongo. Askari mmoja aliajiriwa wa kumkuna. Kila asubuhi sonara alikuja na taji, akamvika, akatazama, akaondoka kuongeza dhahabu.

Mwanzoni taji lilikuwa zuri: mviringo mpana uliosokotwa kama ngata, kwa heshima ya mababu. Lakini kila wizara ilidai iwakilishwe. Kilimo waliongeza mhogo wa dhahabu. Uvuvi wakaleta samaki wa fedha mwenye macho ya almasi. Nishati wakaweka taa, ambayo haikuwaka, lakini hiyo ilikuwa kawaida yao. Ulinzi wakaleta mzinga mdogo. Mwishowe juu kabisa ukaunganishwa mtungi wa dhahabu uliojaa maji ya chemchemi, ukachomelewa kabisa usianguke. Wataalamu walikuwa wamegundua kwamba kasoro kubwa ya mila zetu ni kwamba kiongozi anaweza kumwaga.

"Bwana Waziri," alisema Sefania siku lilipokamilika, sauti yake ikitokea chini kabisa, "hili ni gunia. Tena la viazi vibichi."

"Ni uzito kwako wewe," Kilongola alimjibu. "Kwa Mlezi utakuwa utukufu."

Wakati huo huo ilipitishwa Sheria ya Upekee wa Taji. Ilisema kwamba nchi nzima itakuwa na kitu kimoja tu cha mviringo kinachokaa kichwani. Ngata zikakusanywa zikachomwa. Maharusi wakafunga ndoa vichwa wazi. Majogoo wakafungwa vitambaa, wakaacha kuwika, na watu wakachelewa kazini. Korongo taji wote wa mtoni, ndege wenye kishungi cha dhahabu kichwani, waliamriwa kujiuzulu, wakahamia nchi jirani, ambako nasikia wanaendelea vizuri.

Mkaguzi mmoja aliingia kanisani anakosali Tumsifu, siku ya katikati ya juma, akasimama mbele ya msalaba mkubwa ulio juu ya altare.

"Huyu naye ana kibali?" alimwuliza padri.

"Kibali cha nini, mwanangu?"

"Cha hicho alichovaa."

Padri alitazama juu. "Hilo ni taji la miiba."

"Sheria haikutaja malighafi, Baba. Taji ni taji. Kalipata wapi?"

"Hakulitafuta. Walimvika kwa nguvu, wakamdhihaki."

"Waliomvika ni akina nani?"

"Serikali," alisema padri.

Mkaguzi aliitafakari habari hiyo, akafunga begi lake. "Basi kama ni la Serikali halina tatizo," alisema, akatoka. Lakini wanaosimulia wanasema alipofika mlangoni alivua kofia yake, na hakuivaa tena siku ile. Mungu ana njia zake za kukagua wakaguzi.

Shida ya Sefania ilianza siku taji lilipokwisha kutengenezwa. Mwanasheria wa Serikali aliingia katika Baraza la Mawaziri anatokwa jasho.

"Waheshimiwa, nimeshindwa kulala. Sheria yetu inasema mwenye taji ndiye mtawala. Taji linakaa kwenye vichwa viwili. Kimoja ni cha Mlezi. Cha pili kiko hapo nje, kinakula ndizi."

Baraza zima liligeuka kutazama mlango.

"Hayo ni mapinduzi yanayotembea," alinong'ona Waziri wa Ulinzi.

Likapita azimio kwamba kichwa cha nakala kistaafishwe kwa heshima, mara tu baada ya sherehe. Kisistaafishwe kabla, maana taji lingeweza kuhitaji marekebisho. Kilongola mwenyewe alikwenda kumpa Sefania taarifa, ameshika chai.

"Hongera, ndugu. Kichwa chako kinastaafu kesho jioni."

"Nashukuru," alisema Sefania. "Nirudi sokoni basi. Malori yatakuwa yamejaa."

"Hujanielewa. Kinastaafu kichwa. Wewe hustaafu."

Sefania alikaa kitandani. "Mimi nitabaki?"

"Utabaki."

"Bila kichwa?"

"Usijione wa kwanza. Wapo wengi serikalini, na wana magari."

Tumsifu aliruhusiwa kumwona mumewe adhuhuri ile, kwa sababu alileta chakula na walinzi walikuwa na njaa. Alikuta Sefania amekaa anasuka ngata kwa shuka la Ikulu.

"Umeshasikia?" Sefania alimwuliza.

"Nimesikia kwa wapishi. Wapishi ndio Baraza la kweli." Alikaa kando yake. "Nimekwenda kwa Mwanasheria. Nimekwenda kwa Profesa, amelia kuliko mimi. Nimekwenda kwa yule mjukuu wa Mlezi, yaya akanifukuza. Nimebaki na Mungu tu."

"Yeye anasemaje?"

"Bado anasikiliza." Alikishika kile kipara kwa viganja viwili, mahali ambapo sheria ilikataza kugusa, na mlinzi aliyekuwa akila ugali wake aligeukia ukutani. "Sefa, mimi kichwa hiki nakijua. Nimekipaka mafuta miaka yote. Si cha Serikali."

"Nisukie upande huu," Sefania alisema, akimpa ncha ya shuka.

Siku ya kutawazwa uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya watu. Gwaride likapita. Kwaya saba za chama ziliimba wimbo mmoja kwa tuni saba. Mlezi Mkuu alikaa kwenye kiti kirefu, na kwa kuwa hakuna mkono ulioruhusiwa juu ya kichwa chake, taji lilishushwa na kreni ya Wizara ya Ujenzi. Lilishuka polepole, linang'aa, mhogo, samaki, taa, mzinga na mtungi, watu wakashika pumzi. Likamkaa sawasawa.

"Limemkaa!" alipaza sauti Kilongola. "Limemkaa kama jua kwenye mlima!"

Makofi yalipigwa. Kreni ikaondoka, maana ilikuwa na kazi nyingine. Sefania alisimama nyuma ya jukwaa kati ya askari wawili, pamoja na bwana mmoja mwembamba mwenye begi refu, ambaye alikuwa Afisa Mstaafishaji wa Vichwa. Tumsifu alikuwa mstari wa mbele wa wananchi, midomo yake inatembea bila sauti.

Mlezi Mkuu aliinuka kusoma hotuba.

"Wananchi," alisoma, "leo… leo taji la mababu…"

Shingo yake ilikuwa shingo ya mtu ambaye kwa miaka mingi hakubeba hata mwavuli wake. Iliingia mabegani kidogo. Akasoma ukurasa wa pili, ikaingia zaidi. Uso ukawa wa rangi ya zambarau. Maji ya chemchemi yakaanza kuchuruzika kutoka kwenye mtungi uliohakikishwa hautamwaga, yakashuka shavuni. Redio ya Taifa ikatangaza kwamba Mlezi analia kwa kuwapenda watu wake.

"Kilongola," alisema Mlezi kwa sauti ndogo. "Liondoe."

Kilongola alipekua Kitabu cha Taratibu za Kutawazwa mbele, akapekua nyuma. "Mlezi Mkuu, ukurasa wa kulivika upo."

"Na wa kulivua?"

Kilongola alimgeukia Profesa. Profesa alitazama viatu vyake. "Ulifutwa, Mheshimiwa."

"Iite kreni!"

Kreni ilikuwa imesimama barabarani. Dizeli yake ilikuwa imenyonywa na wajumbe wa kamati ya sherehe.

"Basi wewe! Inua mikono!" Mlezi alimwambia Waziri wa Ulinzi.

"Nikiinua mkono juu ya kichwa chako, Mlezi, sheria inataka nijipige risasi mwenyewe."

Magoti ya Mlezi Mkuu yalianza kutetemeka. Kipaza sauti kilikuwa wazi bado, na ndipo watu wote wa nchi ile walipomsikia kiongozi wao akilisema neno lililofutwa kwenye kamusi. Alilitamka kama mtoto anavyotamka.

"Nitueni."

Mawaziri walipiga makofi. Ungewalaumu? Aliyekiri kulisikia neno lile alikuwa amesikia uchochezi. Askari wakatazama mawingu. Watu waliokaa juu ya watu wakawa mawe.

"Jamani, nitueni."

Sefania alikohoa. Ni mazoea, mwili ulijibu kabla yake. Kisha akapiga hatua mbele, na askari wake, ambao walikuwa bado wanatazama mawingu, hawakumwona.

Tumsifu alimwona. "Sefania! Unakwenda wapi?"

"Amesema nitue, mama."

"Mwache avunjike! Huyo ndiye anayekukata jioni!"

"Najua."

"Mwache, nakwambia! Akianguka yeye, wewe unaishi! Nimeomba usiku na mchana, na jibu ndilo hilo, umelikanyaga!"

Sefania alikuwa amefika jukwaani, mikono tayari imeshika upande mmoja wa taji. Upande wa pili ulikuwa unaegemea, unamvuta Mlezi chini.

"Tumsifu," alisema, "mimi peke yangu siliwezi. Shika upande ule."

Mwanamke yule alisimama pale, machozi na hasira vimemjaa. Alimtazama mumewe. Alimtazama yule mwenye begi refu. Kisha akaruka kamba, akapanda ngazi za jukwaa, huku anasema kwa sauti ambayo kipaza sauti kiliichukua yote: "Mungu, umenipa mume mjinga, na mimi ndiye niliyekubali mbele ya padri, haya basi, haya!" Akashika upande wa mhogo.

"Piga goti kidogo, Mzee," Sefania alimwambia Mlezi. "Usiogope. Shingo iachie. Moja, mbili, tua."

Wakalitua.

Lilipogusa mbao, jukwaa lilitoa sauti ambayo wengine waliidhania ni mzinga. Mlezi Mkuu alikaa chini palepale. Utosini alikuwa na alama nyekundu ya mviringo, sawa kabisa na ya Sefania. Tumsifu, bado anasema maneno, alikinga kiganja kwenye mtungi wa dhahabu, akamnywesha maji yaliyobaki.

"Ahsanteni," alisema Mlezi Mkuu. Redio ya Taifa ililirudia neno hilo siku nzima, kwa sababu katika kanda zake zote haikuwa nalo.

Ndipo kigelegele kikaanza, mbali kule nyuma, kwa wanawake wanaochota maji chemchemini. Wimbo wa mavuno ulikuwa haujafutika vichwani mwao. Ametwikwa, ametuliwa, amepewa maji. Na mzigo uliotuliwa haurudishwi kwa yule yule. Kigelegele kikaja mbele kama mvua inavyokuja, mpaka hata askari wakaacha mawingu. Bwana mwenye begi refu alitazama huku na huku kumtafuta wa kumwamuru, hakumpata, akaenda kununua mahindi ya kuchoma.

Kilongola alikuwa wa kwanza kulifikia taji. Nadhani alilitamani tangu zamani, Mungu anisamehe kama namsingizia. Aliwaita mawaziri wenzake wamsaidie, wakamvika, likampita kichwa na masikio likatua mabegani, na kutoka ndani yake ikasikika hotuba ambayo hakuna aliyeielewa. Walimtoa jioni kwa mafuta ya kupikia.

"Sefania!" watu wakaanza kuita. "Linakukaa wewe! Vaa, Sefania!"

Mwanasheria wa Serikali alikuwa tayari amepiga magoti mbele yake. Sefania alilitazama lile taji kama anavyotazama gunia lililopakiwa vibaya.

"Hili?" alisema. "Hili limetengenezwa na watu ambao hawatalibeba. Vueni samaki, vueni mzinga, ndipo tuzungumze. Kwa sasa malori yananingoja, na kichwa kimerudi kwangu."

Akatoa mfukoni ile ngata ya shuka la Ikulu, akaiweka utosini mbele ya askari wote, akamshika mkewe mkono, wakaenda.

Nchi ile bado haijapata mtawala. Kila anayejitokeza hupelekwa uwanjani na kuulizwa swali moja tu: "Ukichoka, utasema?" Wengi hujibu kwamba wao hawachoki, na hurudishwa makwao kwa heshima. Majogoo wanawika. Profesa ameandika upya ile nusu aliyoifuta, na watoto wake wanaisoma. Mlezi Mkuu wa zamani anakaa karibu na soko. Shingo yake haikunyooka sawasawa, kwa hiyo anapopita watu hudhani anawainamia, nao humwamkia, na yeye amezoea kuitikia.

Taji lenyewe liko chini ya meza ya Tumsifu, limepinduliwa, mhogo na mapambo mengine yote yamezama udongoni. Amewekea juu yake mtungi wake wa maji ya kunywa, ule wenye kitako cha mviringo, ambao zamani ulikuwa ukiyumba.

Na mimi mzigo wangu nautua hapa. Mwenye shingo na autwike.